Mbuzi Juu ya Bati

Niliandika mistari minne kwenye faili,
nukta, mkato, alama za mtu mchoyo wa maneno,
nikafunga, nikakaa ukingoni mwa kitanda
na kikwembe cha sokoni bado kiunoni.

Alfajiri napanda boti kwenda Goma kutafuta mabalo ya chaguwa,
narudi Jumapili, mgongo umepinda.
Nsimire hubaki na shangazi yake, hapa Kadutu,
na kompyuta iliyotoka Ulaya na kibandiko cha shule ya watu:
betri imekufa, herufi K imeng'oka,
pale amegundisha punje ya mahindi.

Linux alinitilia Mugisho wa Nyawera,
bure, kwa sharti moja. "Mama Nsimire,
usiiache ichakae. Kitasa cha jana,
wezi wa leo wameshakichongea ufunguo."

Basi niliiambia: saa nane za usiku,
mega zikiwa rahisi,
SNEL ikiikumbuka avenyu yetu,
uliza mwenyewe kama kuna kipya.
Kishushe. Kiweke. Usimwamshe mtoto.
Chini ya meza kuna betri ya pikipiki
usije ukakatika katikati ya kumeza.
Na umeme usipokuja kabisa,
usinung'unike, jaribu kesho.
(Kuna watu wazima nimewaambia hivyo
wakakasirika.)

"Mama, nani anakujaga usiku?"
Mugisho angejibu mizajuru, kwa Kifaransa chake cha dukani.
Mimi nilitoa neno la redioni: ni sasisho tu.
Akalionja. Sa-si-sho.
"Yaani wanaifanya iwe ya sasa?"
Neno hilo nimelisikia mara ngapi,
sikuwahi kuona kwamba *sasa*
imejikunja humo ndani, kama paka kapuni.

Kisha zikaja mvua za Novemba.
Nilirudi, hakunisalimia.
Alikuwa amechora nyumba yetu:
ngazi, kwa sababu Kadutu yote ni ngazi,
na juu ya bati, mbuzi.
Akaiacha wazi kwenye kioo, bila kuihifadhi,
ili niione nikiwa bado mlangoni.
Usiku ule mashine ilipata kiini kipya,
ikajizima, ikajiwasha,
safi kabisa, salama kabisa,
na mbuzi hayupo.

"Uliiambia ifute."
Sikuiambia ifute. Niliiambia ijitunze.
Jaribu kumweleza mtoto wa miaka tisa
tofauti ya hayo mawili,
yeye amekupa kisogo, chai inapoa.

Nilikagua mistari yangu kwa tochi ya simu.
Wa tatu ndio ulioipa ruhusa ya kujizima.
Nikafuta *ndiyo*, nikaandika *hapana*.

Sasa inashusha, inaweka, halafu inangoja.
Pembeni mwa kioo kinatokea kidoti cha chungwa:
nikipumzishwa nitamalizia.
Wa kuipumzisha ni yeye,
na huiacha ingoje, wakati mwingine siku mbili.
Mugisho atalalamika. Alalamike.

Huko Goma, kwenye chumba cha kukodi karibu na Kituku,
huamka saa nane bila kuamshwa.
Sijui kama imefanya kazi.
Haitanipigia simu, haina la kunidai.
Nilitaka hivyo hivyo,
kitu cha kumlinda nikiwa sipo
kisichomkumbusha kwamba sipo.
Najigeuza ubavu wa pili.

Jumapili hii nimekuta amechora upya.
Mbuzi ni wawili, mmoja anatafuna antena.
Ameihifadhi mara tatu:
mbuzi,
mbuzi2,
mbuzi_mama_usiguse.

Na ile punje ya K, panya ameila.
Nimeingia jikoni kutafuta hindi.