Rasimu ya Nne

Kwa Mkuu wa Idara, Daktari Mwachiro.
Au nianze hivi: Ndugu yangu Mwachiro,
maana umeshakula sombe yangu mara tatu
(nyinyi mwaiita kisamvu)
na mara zote tatu ukasema chumvi haba.

Yah: Kuacha kazi.

Nakuandikia kutoka chumba namba kumi na moja,
ambacho wewe wakiita ofisi
na Chengo bawabu akiita stoo.
Chengo ana haki. Ngazi ya wapaka rangi imo humu,
na mashine ya kurudufu iliyokufa kabla sijafika.
Mimi nayo tumezoeana,
sote wawili twangoja fundi.

Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili.
Kisha mwaka. Kisha miezi sita.
Juzi umenipa wa wiki kumi na nne,
urefu wa muhula, bila siku ya kuugua.
Ujao utakuwa wa saa ngapi?

Nilipotoka Bukavu nilijua maji ya chini ya ardhi
na Kiswahili cha sokoni Kadutu.
Siku ya kwanza nikasimama mbele ya vijana mia na themanini
nikasema: "Maji ya kisima hiki iko na chumvi."
Ukumbi ukapasuka.
Mmoja nyuma akauliza,
"Mwalimu, wewe ni wa Kongo ama wa Kongowea?"
Nami nilicheka, Mwachiro. Siku ile nilicheka kweli.

Sasa nasema yana chumvi, vina chumvi, kina chumvi.
Ngeli zenu zote zimeniingia
isipokuwa moja, ya mgeni:
umoja, ana kibali;
wingi, hawana.

Pale Uhamiaji yule kijana wa dirisha la tatu
aliniuliza bila kuinua macho,
"Kwani hakuna Mkenya wa kuifanya kazi hii?"
Nikamwambia yupo, Mwanakheri wa Kuze,
nimemsimamia tasnifu mwenyewe, kichwa chake moto.
Yuko Maskati. Anafundisha huko.
Nadhani huko pia kuna dirisha la tatu.

Visima hamsini na viwili, Kisauni mpaka Utange,
nimevipima kwa mikono hii,
kamba imenichubua hapa, ona.
Makala ilipotoka jina langu likawa la nne,
nyuma ya lako,
nyuma ya mtu ambaye ndoo huiona bafuni tu.
Sikusema kitu. Nilikuwa nangoja sahihi yako kwenye fomu.

Pesa za kusahihisha za mwaka juzi
zi njiani, mhasibu anasema.
Njia hiyo lazima inapitia Sudani.

Mama akipiga simu hunipokea kwa vigelegele:
Profesa wangu!
Simwambii profesa amekopa unga.
Lakini daftari la Bi Mwanasiti wa duka la kona
limeandika, kwa kalamu nyekundu, DAKTARI WA MAJI,
na hapo tu, mji mzima,
ndipo cheo changu kilipo kamili.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, ninaomba

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.
Nyevu, wa mwaka wa pili, yule asiyesema darasani,
ameshika chupa ya soda yenye maji ndani.
"Mwalimu, pima. Ni ya kwa bibi, Mwakirunge.
Asema kisima kimegeuka tangu Ramadhani,
ng'ombe anayanusa tu anaondoka."

Nikatoa kipimo. Nikamimina.
Tarakimu zikapanda, zikapanda,
Nyevu akanitazama mimi badala ya kutazama kioo,
na karatasi ya karibu ilikuwa hii.

Barua itachelewa, ndugu yangu.
Kesho alfajiri twenda Mwakirunge, nauli nitalipa mimi,
uiandike hiyo pia, iko njiani.
Lakini usidhani nimeghairi.
Ukiipata, anza kusoma upande wa nyuma.
Nimepiga mstari chini ya namba ya mwisho.
Maji yale hayafai tena kunywa.