Mkono wa Kushoto

Wa kulia una jina mjini.
Kuanzia Kibokoni hadi Tudor wanaujua:
huchora waridi zima bila kuinua koni,
hupita juu ya mshipa wa bibi harusi
kama mtu apitaye penye kitoto kimelala.
Picha zake zimo simuni mwa watu.
Huo ndio unaolipwa.

Wa kushoto hauna picha.

Ndio uliompakata Faizi tangu alfajiri,
titi mdomoni, kichwa kwenye kiwiko,
huku mwenzake ukikanda hina
kwa ndimu na mafuta ya mkaratusi.
Ndio uliozima jiko uji ulipofura.
Ndio uliomfunga Tahiya vifungo vya sare,
kimoja kikakosea tundu,
kaenda shule hivyo hivyo, bega moja juu.
Ndio uliopokea simu:

"Mikono na miguu, na mashoga zake sita.
Hebu punguza, dada.
Kwani wewe wakodi duka?
Si uko zako nyumbani tu?"

Niko zangu nyumbani tu.
Maji yametoka saa tisa za usiku,
nimejaza ndoo kumi na moja peke yangu,
Rashadi yuko zamu bandarini.
Nyumbani tu: sebule ndiyo duka,
duka ndilo chumba cha watoto,
na pazia la maua lililo katikati
halijui liko upande wa nani.
Mwenye duka Barabara ya Biashara
jioni huteremsha chuma, akapiga kufuli, akaenda zake.
Mimi nikiteremsha pazia
upande wa pili kuna mtu ataka maji.

Sikumwambia hayo.
Nilimwambia, "Haya, ondoa mia tano."

Wakaja saa kumi, Lutfia na mamake na wale sita,
udi, vicheko, viatu vimejaa ngazini.
Magharibi stima ikapotea,
somo wa bibi harusi akanishikia tochi ya simu,
mwanga ukitetemeka kila acheekapo.

Nilikuwa kwenye kidole cha shahada
Faizi akalia.
Si kilio cha njaa, hicho nakijua.
Ni kile cha mbona huniangalii.
Lutfia, viganja vyote vibichi,
ameviinua kama aombaye dua,
akanyoosha mguu nisiouchora bado,
akaanza kuisukuma susu kwa kidole gumba.
Taratibu. Ikenda, ikirudi.
Mamake akamkata jicho:
bibi harusi hafanyi kazi.
Hakuacha.

Kwa nusu saa nilikuwa na mikono miwili.
Huu wa pili sikujua niufanyie nini.
Niliuweka pajani, ukakaa kama mgeni
aliyefika kabla ya chakula kuiva.

Saa nne wameondoka.
Waliohesabu pesa ni vidole vya kushoto;
vya kulia vimekufa ganzi, havikunjuki,
nikavikanda kimoja kimoja kwa wenzao.

Ndipo nikamwona Tahiya nyuma ya pazia
na koni niliyodhani nimeitupa,
amejikunja, ulimi nje,
anajichora goti.
Kwa mkono wa kushoto.
Ule ambao mwalimu wa chuo
huutoa kalamu kila siku na kuipeleka kulia.

Ua lenyewe silijui. Silo nililowahi kumchorea mtu.
Majani yake yote yameinamia
upande ambao yangu hayaendi.

Kesho ni shule, na goti litakuwa jekundu
mbele ya mwalimu wa zamu.
Koni ni pesa. Usiku umeshakwenda.
Na mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

"Usibonyeze sana," nikasema.
"Iache itoke yenyewe."