Zamu ya Maji, Birkati l-Mauzi

Miaka kumi na tisa nimeichora neva ubaoni
kwa chaki ya kijani, shule ya wasichana, Nizwa:
kichwa chenye matawi, mkia mrefu,
na ule mwanya mdogo mwishoni
ambao habari haiwezi kuuruka,
lazima ivushwe.
Wanafunzi wakanakili. Nikawapa maksi.
Sikujua kitu.

Kisha Jumanne moja mama akaamka nusu.
Mkono wa kulia umelala kama wa mgeni,
kikombe kimepinduka, kahawa inachuruzika mkekani,
naye anakitazama kidole gumba
kama mtu anayemwita paka wa jirani.

Daktari akaiweka picha kwenye mwanga.
"Kushoto huku ndiko kunakotawala kulia.
Njia zinapishana hapa, chini ya kisogo."
Najua, nikamwambia, nasomesha.
Nikalitazama lile doa, dogo kama kokwa ya tende,
nikafikiria falaji.

Maana marehemu baba alikuwa arifu wa maji.
Mchana fimbo na kivuli chake, usiku nyota:
Kilimia kikichungulia nyuma ya jabali,
zamu ya akina Muhenna imekwisha,
mfungulie mjane Ghaniya.
Kilimia, kwao Pemba. Huku wanakiita Thureya,
na Thureya ndilo jina la mama.
Maji hutoka gizani chini ya mlima,
yakifika kijijini hugawanywa mafungu matatu sawasawa,
halafu vijito, halafu watoto wa vijito,
mpaka kwenye shina la mgomba mmoja
usiojua mlima uko wapi.
Lango lenyewe jiwe tu na tambara.
Baba hakubeba maji maishani mwake.
Alibeba amri.

Ndivyo ulivyo mwili? Nusu tu.
Maji hayarudi mlimani kusema mgomba umekunywa.
Neva hurudi. Kuna za kupeleka
na kuna za kuleta: moto, mwiba, mkono wa mtu.
Nani sasa anamletea mama habari za kulia kwake?

Badriya, wa mazoezi ya viungo,
alimgonga goti kwa nyundo ya mpira.
Mguu ukaruka. Ule ule mfu!
Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
"Hiyo haijafika kichwani, Bibi.
Uti wa mgongo umejibu wenyewe,
kama kifungua mimba: hangoji baba arudi."

Na moyo, nani anaugonga usiku?
Nani analikumbusha tumbo kusaga wali?
Mna makarani humo ndani hawalali,
hatujawahi hata kuwaamkia.

Kiarabu kimekwenda. Miaka hamsini ya Kiarabu,
cha sokoni, cha harusini, cha kugombana na serikali,
kimekauka kama wadi baada ya mvua,
na jina langu likaenda nacho.
Lakini mhudumu akiangusha sinia, "Lahaula!"
neno zima, halina ufa.
Na akianza moja, mbili, tatu, ulimi haukwami mpaka kumi:
Kiswahili cha Wete, cha kupimia karafuu pishi kwa pishi,
kimewekwa wapi hata mafuriko yasikifikie?
Hilo halimo kwenye mchoro wangu.

Kila siku mara mia tunakunja vidole, tunakunjua.
Badriya anasema njia iliyozibwa haifunguki,
huchimbwa nyingine pembeni, kwa kurudiarudia.
Baba angeuliza: kwa gharama ya nani?

Leo alfajiri nimemkalisha ukingoni, nyuma ya nyumba,
nikautia mkono wake wa kulia majini.
Tukakaa. Jani la mgomba likapita, likakwama kwenye vidole, likapita.
"Baridi," akasema.

Mkono upi, mama? Mkono upi?

Akaniita kwa jina la dada yake aliyezikwa Wete,
akaniambia nirudishe jiwe,
zamu yetu imekwisha.