Uzi

Miaka miwili nilicheka na kiganja mdomoni.
Pale sokoni Kutaisi walidhani nina haya,
mama mkwe alidhani nina dharau.

Ukweli ulikuwa kwenye sinki.
Kila nikipiga mswaki natema wekundu,
damu nyembamba inayozungukazunguka
kabla ya kumezwa na tundu.
Nikajisemea: mswaki huu unanichinja.
Nikaupunguzia safari, asubuhi tu,
kisha Jumapili na sikukuu,
mwisho ukabaki kwenye bilauri, umekauka,
kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Ufizi haukushukuru.
Ulivimba, ukawa laini kama zabibu iliyokaa,
na gego la chini, upande wa kushoto,
likaanza kunisemesha.
Kwanza ubaridi, nikinywa maji.
Halafu moto, nikinywa chai.
Halafu bila maji, bila chai, saa nane usiku,
likidunda kana kwamba moyo umehamia shavuni.

Mama Tsiala alikuwa na dawa zake:
karafuu,
chumvi ya moto ndani ya soksi ya marehemu,
na pamba iliyolowa chacha, ile pombe kali ya maganda ya zabibu.
"Ibane hapo, usimeze."
Nilimeza.
Jino lililala saa moja, likaamka na hasira za mlevi.

Ndipo nikapanda ngazi za Daktari Ketino.
"Fungua."
Nikafumba macho, nikafungua kinywa,
nikainusa aibu yangu mwenyewe.

Hakunisema. Hilo ndilo lililoniliza.
Akanishikisha kioo:
"Huu ni ukoga. Na huu ni ukoga wa zamani, umekuwa jiwe."
Nikaona mawe meupe ya mto Rioni, yale ninayoyapita kila siku,
yamejipanga chini ya ulimi wangu.
"Mswaki haukuchinji, Nanuli.
Ufizi unaotoka damu unabisha hodi,
nawe ukahama nyumba."

Gego halikuokoleka.
Sindano, ganzi, mdomo ukawa wa mtu mwingine,
kisha mlio ndani ya fuvu, wa mlango wa ghala bovu,
na hilo hapo kwenye sahani:
dogo, njano, lina pango jeusi.
Hiki ndicho kilichoninyima usingizi?

Wakati wa kuondoka akanipa kikasha cha uzi.
Nikacheka, kwa upande mmoja, huku natiririka mate.
Mimi? Uzi?
Kila vuli natunga jozi, uzi mia tatu, mia nne,
nazichovya kwenye uji wa zabibu, nazitundika zikauke,
watoto wa shule wananunua, wanarudi na vidole vinanata.
Vidole hivi vinajua uzi tangu nina miaka saba,
na kati ya jino na jino langu
havijawahi kupita.

Usiku ule nilipita, polepole, mbali na jeraha.
Cha kwanza kutoka, naapa,
kilikuwa kipande cha jozi.
Mali yangu mwenyewe. Sijui ya mwaka gani.

Siku ya pili, damu. Ya tano, damu, nikakaribia kukata tamaa.
Ya kumi nilitema povu, nikasubiri,
nikatema tena.
Jeupe.

Ulimi bado unakwenda pengoni,
unazunguka, unarudi, hauamini.
Mama Tsiala anataka niweke la dhahabu, kama la dada yake.
Liwe la dhahabu au la pembe, namwambia,
pengo halisahau jina lake.

Jana nilimkatia uzi, urefu wa mkono.
Yeye amebakiwa na meno matatu.
"Kwa matatu haya?"
Hasa kwa matatu, mama.
Akaugeuza, akaupeleka dirishani kwenye mwanga,
akauliza kama unafaa kutungia jozi.