Divai ya Jumamosi

Kanisani tunaiita divai:
kikombe kidogo kama kifuniko cha dawa ya kikohozi,
macho yamefumbwa.
Hapa Soweto, ghorofani juu ya duka la mbolea,
inaitwa waini, na kijana anauliza,
nyekundu, au ya baridi?
Nikacheka. Mbeya, mwezi wa sita,
kipi kisicho cha baridi?

Nimejibanza nyuma ya nguzo na koti langu la mtumba,
mimi, sauti ya pili ya kwaya mwaka wa kumi na tisa,
karani wa stoo ya viazi Uyole,
udongo ungali chini ya kucha.
Kizibo kiligoma. Kijana akakisukuma ndani kwa bisibisi,
kikabaki kinaelea humo, kinatutazama.

Wakapanda watu watano.
Wa besi ni fundi wa reli aliyestaafu,
anazigusa nyuzi kama anayepima iwapo breki zinashika.
Ngoma zinapigwa kwa mifagio ya waya,
shii, shii,
mtu anafagia uani alfajiri, hataki kuamsha wageni.
Na mwenye saksafoni —
Bwana wangu.
Mzee Anyandwile.
Yule yule wa tarumbeta za mazishi,
aliyemsindikiza mama hadi shimoni
kwa nyimbo zilizonyooka kama kamba ya mwashi.

Leo hakuna kilichonyooka.
Anaanza wimbo ninaoujua, anautelekeza njiani,
anakata vichochoro vya Mwanjelwa,
anapatana bei, anagombana, anasahau chenji,
anarudi na habari nyingine kabisa.
Besi ikishuka, waini inatetemeka ndani ya glasi,
viduara vyekundu, kimoja tumboni mwa kingine.
Nakunywa. Ukali wa zambarau changa,
halafu joto, linakuja nyuma taratibu
kama mtu aliyerudi kuomba radhi.

Umeme ukakatika.
Hakuna aliyeguna.
Saksafoni haina waya.
Akaendelea gizani, chini, chini kabisa,
na hapo nikautambua:
ni ule wa makaburini, ubeti wa tatu,
ambao siku ile mvua ilitunyang'anya
tukakimbilia turubai, mama tukamwacha na nusu wimbo.
Akaumalizia.
Wala si kwa kilio. Mwishoni aliupinda, akautekenya,
mama angemtupia kanga.

Kwetu Tusekile maana yake tumecheka.
Miaka arobaini na sita naitikia jina hilo
kama mtu anayeitikia la jirani.

Taa ziliporudi alikuwa ananitazama, mimi na glasi yangu.
Nikamtazama, yeye na kofia yake ya upande.
Kesho saa tatu tutakuwa ibadani wote,
yeye mlangoni na shaba yake, mimi safu ya pili.
Akapeleka kidole mdomoni.
Nilidhani ni siri tunawekeana;
kumbe anafuta mate tu.

Nikaagiza nyingine.
Ya baridi, nikasema,
na kizibo usikitoe, kiache kisikilize.