Kilo na Robo

Shaame kayatundika mawili dukani mwake, Wete,
baina ya vyandarua na sufuria za mtumba:
moja la kijani, pana, la watu wawili na mizigo yao,
na moja la kijivu, limekunjwa dogo
kama msala wa safari.

"Chukua kubwa, Mwalimu. Bei ni moja,
na mtu hupata pa kujigeuza."
"Na wa kulibeba?"
Kacheka. "Kwani huna mume?"

Ninaye. Massoud halali
pahala pasipo na swichi.

Mimi ndiye nitakayetoka Kigomasha kwa miguu
likizo ya Disemba, nipite Makangale,
nikate hadi Kiuyu, na Mkoani magoti yakikubali.
Ratili uliyoitia mgongoni alfajiri
adhuhuri huwa pishi,
magharibi huwa gunia.

Nikayachukua yote mawili kwa amana
hadi kituo cha karafuu. Msimu bado;
Faki wa mizani kakaa anakata kucha.
Nikaliweka la kijivu juu ya sahani ya chuma:
mshale haukutikisika.
Mizani ile imezoea magunia,
haina habari na kitu cha mtu mmoja.
Faki akapanda yeye: sabini na mbili.
Akapanda nalo kwapani; mshale ukasita,
ukasogea unywele na kitu.
"Kilo na robo," akasema, "au nimevuta pumzi."
La kijani likaleta tatu na nusu
bila mabishano.

Uani nikalipima kwa shibiri:
urefu tisa na vidole viwili,
kichwani tatu, miguuni mbili.
Ukikaa kitako, utosi wagusa nguo.
Pembe moja ina kiraka,
kazi ya mkono usiokuwa na haraka.
Ufito mmoja tu wa kupinda, na vigingi sita
vyembamba kama vijiti vya mishikaki.
Mchangani havitashika, najua;
nitafunga mawe kwa kamba ya usumba.
Mpwa wangu Nassir kalimwagia ndoo tatu.
Likaingia tone moja, kwenye mshono.
Nikalitia nta.

Wifi yangu Zuwena kachungulia kutoka jikoni,
mikono ina unga hadi viwikoni:
"Hili si hema, hili mwanandani!"
"Mwanandani hauna zipu, wifi."
Kacheka mpaka kajifuta macho kwa pindo la leso,
kisha kanyamaza,
kisha, kwa sauti nyengine: "Lakini kweli, hutoogopa?"

Nimelala watatu kitanda kimoja,
kisigino cha dada yangu Raya ubavuni miaka tisa.
Nimelala bwenini, wasichana arubaini na nane,
mmoja akiota, sote twaamka.
Nimelala na mume, na mtoto katikati,
na wa pili, na homa zao.
Mpaka leo sijui
usingizi wangu mwenyewe una upana gani.

Nikamrudishia Shaame la kijani.
"Mvua ikikukamata utanikumbuka."
"Huenda."
Nusu nimempa, nusu mshahara ukitoka.

Usiku ule nikalisimamisha nyuma ya kisima.
Shanta halikuenea, likalala mlangoni;
viatu nikavipakata chini ya magoti.
Ndani panuka nta, na nailoni,
na moshi wa kuni za nchi nisiyoijua.
Ubavu wa kulia: nguo. Wa kushoto: nguo.
Pumzi yangu ikapanda, ikagota,
ikanirudia umande wa paji la uso.

Kidole kikagonga kitambaa. Sabiha, mdogo wangu wa mwisho,
aliyetakiwa awe kalala tangu isha.
"Mama, umo?"
"Nimo."
Akasubiri.
Nami nikasubiri, nione kama lipo la kuongeza.