Nusu kwa Nusu

Jikoni, mjini Eger, theluji imegandia dirishani.
Bibi Piroska anapima kwa kizibo:
siki nusu, spiriti nusu.
Hakisii kwa macho; hata chumvi ya supu huihesabu.

"Matone matatu ukitoka bwawani," asema,
"maji yakauke, kuvu ikose pa kuota.
Nimelea waogeleaji wanne kwa chupa hii."
Na ni kweli. Mume wangu, wa tatu kati yao,
husikia nikinong'ona chumba cha pili.

Zselyke amelaza kichwa mezani,
nywele zanuka klorini.
Nami nauliza, kwa haya ya mkwe:
lile la kushoto, lililotoa usaha Januari,
kiwambo chake kimeshafunga?

Kimya. Jiko la gesi lavuma.
Bibi analitazama tone
lililoning'inia kwenye ncha ya kioo,
halijaamua.

Dawa haijui mlango upi umetoboka.
Penye kiwambo kizima hukausha, ikaenda zake.
Penye tundu hupita bila hodi,
ikachome chumba cha ndani
ambamo sauti huzaliwa.

Tone linarudi chupani.
Anakaza kizibo, anaandika kwa penseli
herufi za mtu aliyeshindwa kidogo:
*Zselyke: baada ya daktari.*

Kisha anachukua taulo,
anaukausha ukingo wa sikio, taratibu,
kama afutaye glasi ya mgeni
ambaye bado hajafika.